Michembe Myeupe ya Mwandu

Mwalimu Constantine alikuwa na ugonjwa mmoja: karatasi yoyote iliyoangukia mkononi mwake lazima aisome kwa sauti. Hata barua ya mtu. Hata kadi ya kliniki. Kwa hiyo kamati ya uji wa shule ilipokutana kwenye darasa la tatu, na barua ya maabara ikawa mezani, kila mtu alijua kwamba aibu ya mtu fulani itasomwa kwa vituo na mkato.

"Sampuli ya unga wa michembe ya viazi lishe," alisoma. "Mkulima, Nyanjige, mke wa Mayige. Kiwango kinachotakiwa, sitini. Kilichopatikana, kumi na moja. Haukufaulu."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni.

"Kumi na moja kwa sitini," alirudia, kama anayemsomea matokeo mtoto wa darasa la nne.

Watu wakacheka. Nyanjige alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yakigusa mbao, kwa sababu madawati ya darasa la tatu hayakutengenezewa wanawake wenye watoto wanne. Mume wake, Mayige, alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia, akiangalia nje kana kwamba alipita tu.

"Mimi nina swali," alisema Method, mjumbe wa kamati, mtu ambaye hajawahi kukosa swali. "Viazi hivi tuliviona shambani vikiwa vya rangi ya chungwa. Unga ukaja mweupe. Isije ikawa umechanganywa na muhogo, jamani?"

"Muhogo?" Nyanjige aligeuka. "Mimi nichanganye muhogo?"

"Sijasema umechanganya. Nimesema isije ikawa."

"Sema basi kama umesema, Method!"

"Tulieni," alisema Mwalimu Constantine. "Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe. Mradi umetupa fedha tununue unga wenye vitamini A kwa uji wa watoto. Tunataka uji wenye vitamini, siyo uji wenye maneno. Lete sampuli nyingine ndani ya wiki tatu. Ukishindwa, tutanunua kwingine."

"Nitaleta," alisema Nyanjige.

Yeye na mumewe wakatembea mpaka njia panda. Hapo Mayige akasema alichokuwa nacho moyoni tangu mlangoni.

"Sikugombezi, Mama Mhoja. Lakini tulikubaliana. Nilikupa msimu mmoja kwenye shamba la pamba. Mbegu za pamba zinagawiwa mwezi wa kumi. Shule wasipochukua huo unga, matuta nayasawazisha."

"Kuna matuta kumi na mawili sijachimba."

"Chimba."

"Nataka uniahidi hutayagusa mpaka majibu yarudi."

"Nimekwambia chimba. Mimi ni mtu wa maneno mawili?"

Hakuwa mtu wa maneno mawili, na hilo ndilo lililomtisha Nyanjige. Shamba lenyewe, tukisema kweli, lilikuwa la Mwandu, mama yake Mayige; aliachiwa na marehemu mumewe mbele ya mashahidi. Lakini aliyelilima ni Mayige, na kwa kawaida ya huku anayelima ndiye anayesema, mpaka siku mwenye shamba atakapofungua kinywa.

*

Mwandu alikwishasikia kabla hawajafika. Alikuwa amesimama uani na mchembe mmoja mkononi, kipande cha kiazi kilichokaushwa, kauinua juu kama shahidi mahakamani.

"Nani kasema michembe yangu ina muhogo?"

"Mayu, mama yangu, hawajasema hivyo," Nyanjige alianza.

"Wamesema! Mtoto wa jirani kanieleza neno kwa neno. Mimi! Mimi ambaye watu wa Itilima walikuwa wanakuja kununua michembe kwangu na magunia yao! Angalia!" Akautia mchembe mdomoni, akauvunja kwa jino. Ulilia *ka!* "Umekauka au haujakauka?"

"Umekauka, mayu."

"Mweupe au siyo mweupe?"

"Mweupe."

"Sasa wanataka nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na aliyeyaharibu hakujua. Toka enzi na enzi mwanamke wa Kisukuma aliyejua kuanika alijulikana kwa weupe wa michembe yake. Mchembe wenye rangi una unyevu, wenye unyevu unaota ukungu, wenye ukungu ni fedheha. Viazi vya chungwa vilipoingia nyumbani kwake, Mwandu alivitazama akasema vina rangi ya dawa ya kuoshea ng'ombe. Lakini hakukataa kazi. Akavikata, akavitandaza juu ya mwamba, akavigeuza siku tisa chini ya jua kali mpaka wekundu ukatoka wote. Siku ya tisa alimwita mkwe wake kwa furaha: "Njoo uone! Imetakata!"

Nyanjige aliona. Moyo ulimwambia kitu, maana yule bwana shamba aliyeleta mbegu alisifia sana ile rangi. Lakini alipiga makofi akashukuru, "Wabeja, mayu." Mwanamke anayetaka kumrekebisha mama mkwe wake kuhusu michembe, ni vizuri kwanza akumbuke njia ya kurudi kwao.

"Nataka nimwone huyo aliyesema kumi na moja," alisema Mwandu. "Kesho tunakwenda wote mjini. Aniambie usoni."

*

Maabara ya mradi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi, mjini Bariadi. Mlangoni pametundikwa pazia jeusi zito. Ndani taa ilikuwa hafifu, chupa zote za kahawia, na vichupa vyembamba vya kioo vimevikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia nyama ya kuoka. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti, Jenifer, koti jeupe limemzidi mabega.

Mwandu alikuja na matusi aliyoyaandaa njia nzima. Lakini binti alimwona, akaweka chini alichoshika, akapiga magoti sakafuni na koti lake jeupe.

"Mwangaluka, mayu."

Matusi yote yakapotea. Utamtukanaje mtu aliyekupigia magoti?

"Mwangaluka, ng'wanangu," alijibu Mwandu. "Lakini mbona unakaa gizani kama popo?"

Jenifer akacheka. "Kitu ninachokipima hakipendi mwanga, mama. Nikikiacha wazi kinakufa kabla sijakihesabu."

"Kitu gani hicho?"

"Ile rangi ya chungwa. Ile rangi siyo pambo, ndiyo chakula chenyewe. Mtoto akiila, mwili wake unaigeuza unapata vitamini A. Kwenye viazi vyeupe haimo." Alichukua michembe waliyokuja nayo, akaigeuza kiganjani. "Nani aliianika hii?"

"Mimi," alisema Nyanjige haraka.

"Juani?"

"Juani. Siku tisa."

"Mwongo huyu," alisema Mwandu. "Hajawahi kuanika hata pilipili. Nilianika mimi, na nilianika vizuri. Mkwe wangu, usinibebee mzigo sijakuomba."

Nyanjige aliinamisha uso. Jenifer naye alielewa haraka kwamba hapa akikosea neno moja nyumba itaungua.

"Mlianika vizuri, mama," alisema polepole. "Kwa viazi vyeupe mngepata mia kwa mia. Lakini ngoja niwaonyeshe, msiniamini mdomo."

Akachukua kipande cha kiazi kibichi cha chungwa, akakitwanga kwenye kinu kidogo cha kaure, akamimina dawa ya maji iliyonuka kama mafuta ya taa. Ile dawa ikavuta rangi yote, ikawa ya chungwa tupu, na kiazi kikabaki makapi meupe. Akaigawa ile dawa kwenye vichupa viwili. Kimoja akakivika karatasi ya fedha akakifungia kabatini. Cha pili akakisimamisha dirishani, juani.

"Sasa tungoje. Wakati tunangoja niwaambie kazi yake. Mtoto akiikosa, cha kwanza kinachoharibika ni macho, lakini jioni tu. Jua likizama anapapasa. Anagonga mlango, anamwaga uji, anamkanyaga mwenzake."

"Jioni?" aliuliza Mwandu.

"Jioni."

"Na mchana anaona?"

"Mchana anaona vizuri kabisa, anachunga hata mbuzi. Ndiyo maana wengi wanadhani ni mkono wa mtu. Akiendelea kuikosa, macho yanakauka, na mwili nao unakosa ulinzi. Surua ikimkuta hapo, inamkuta hana ngao."

Walikwenda kwa mama lishe ng'ambo ya barabara wakanywa chai, na Mwandu hakuigusa chapati yake. Nyanjige alidhani amekasirika, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Saa sita waliporudi, kichupa cha dirishani kilikuwa kimepauka kama maji yaliyooshewa mchele. Jenifer akafungua kabati, akavua ile karatasi ya fedha. Cha ndani kilikuwa cha chungwa vilevile. Akaviweka pamoja mbele ya Mwandu.

Mwandu alikinyanyua kile kilichopauka.

"Kwa hiyo siku ile niliposema imetakata," alisema, "ndiyo ilikuwa imekufa."

"Ndiyo, mama."

"Basi tufundishe. Tufundishe yote, usifiche."

*

Michembe ya chungwa inataka ikatwe nyembamba, ikauke kivulini kwenye upepo siku tatu, kisha ifungwe kwenye gunia lisilopitisha mwanga. Kivuli chenye upepo katika mji wa Mayige kilikuwa kimoja tu: banda la ndama.

"Ndama wahame?" Mayige aliuliza, akidhani hajasikia vizuri.

"Wahame," alisema Mwandu.

"Wahame waende wapi, mama?"

"Wewe ndiye mwenye ng'ombe. Utajua."

Mtu ambaye hajaishi na Wasukuma hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Ng'ombe hampishi mtu, sembuse kiazi. Ndama saba walihamishiwa chini ya mti wa mkwaju, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari. Method alipita makusudi na baiskeli yake.

"Mayige! Nasikia ndama wamepewa notisi!"

"Pita, Method."

"Na kodi walikuwa wanalipa vizuri!"

"Nimesema pita!"

Mayige alibaki ameuma meno. Aliona haya, na aliona haya kweli. Lakini alikuwa ameahidi, naye hakuwa mtu wa maneno mawili, na kama wanawake hawa watashindwa, hakutaka washindwe kwa sababu yake. Alichukua misumari akagongelea vichanja vitatu mwenyewe. Alisafisha samadi mpaka udongo mkavu ukaonekana, akamwagia majivu. Akafunga turubai upande wa magharibi ambako jua la mchana lilipenya.

Nyanjige alichimba matuta yote kumi na mawili kwa siku mbili. Mwandu alikata. Wakati mwingine alikuwa anakata vipande vya unene wa kidole; safari hii alikata vyembamba mpaka ukikiinua kimoja unaona mwanga upande wa pili. Alikaa bandani kutwa na ufito mkononi, na mtoto yeyote aliyeinua turubai aliupata ufito wa miguu. Siku ya tatu michembe ilikuwa imekauka, inalia, na bado ni ya chungwa.

"Inaniumiza macho kuiangalia," alisema Mwandu. "Mikono yangu inataka kuitoa nje itakate. Ifungeni haraka nisije nikaiharibu."

Nyanjige alifanya la mwisho ambalo hakuna aliyemwambia. Alikwenda mpaka nyumbani kwa Method.

"Kesho nasaga. Uje ushike gunia mwenyewe, uangalie mashine ikisafishwa, uchote sampuli kwa mkono wako, uipeleke maabara wewe. Ukiona muhogo useme hapohapo mbele za watu."

Method alikohoa. "Mama Mhoja, lile lilikuwa swali tu."

"Na mimi nakupa jibu. Saa mbili asubuhi usichelewe."

Akaja. Mambo mengi utamsema Method, lakini alikuja, akachota, akaifunga sampuli kwenye mfuko mweusi kama alivyoelekezwa, akaipeleka.

*

Jenifer alileta barua mwenyewe kwa pikipiki, zikiwa zimebaki siku mbili wiki tatu zitimie. Kamati ikakusanyika darasa lilelile. Mwalimu Constantine akasoma.

"Kiwango kinachotakiwa, sitini. Kilichopatikana, themanini na nne. Umefaulu."

Makofi yalipigwa, na aliyeanza kupiga ni Method. Nyanjige alifunika uso kwa kitenge. Machozi yalimtoka na hakuyazuia.

Kisha Mwalimu Constantine akakunja barua mara mbili, mara nne.

"Sasa kuna jambo dogo," alisema. "Ofisi ya mradi walitaka risiti za manunuzi kabla ya mwezi kuisha. Wiki iliyopita, kabla sijaiita kamati, nilinunua unga wa muhula mzima kwa mfanyabiashara wa Maswa. Ulikuwa na cheti tayari."



"Siku ulizotupa hazijaisha, mwalimu," alisema Nyanjige.

"Najua."

"Ulisema wiki tatu. Ulisema mbele ya hawa wote."

"Najua, mama. Niliogopa fedha zitarudi, watoto wakose kabisa. Mnisamehe. Mwezi wa kwanza mwakani mje mapema." Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mwalimu yule alizungumza bila kumtazama mtu.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mayige aliegemea fimbo yake. Hakuwa na furaha hata kidogo.

"Umeshinda, Mama Mhoja. Atakayesema hukushinda namvunja mguu. Lakini mwezi wa kwanza ni mbali, na hao wanaweza kusema mwezi wa pili. Pamba ina mnunuzi. Mwezi wa kumi nasawazisha."

"Kwa hiyo kazi yote ile…"

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Sikubali," alisema Nyanjige. "Safari hii sikubali, Mayige. Nimefanya kila ulichosema."

Mwandu alikuwa amesimama pembeni na Jenifer. Hakuonekana kuwasikiliza.

"Ng'wanangu," alimwambia binti, "na sansa je?"

"Sansa, mama? Majani ya kunde makavu?"

"Tunayachemsha, tunayaanika juani siku nne, tano. Yakiwa meusi tunahifadhi. Nayo inakufa ile vitamini ya macho?"

Jenifer alisita. "Inapungua sana, mama. Majani mabichi yanayo nyingi. Lakini juani siku tano… inabaki kidogo mno."

Mwandu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu hilohilo toka siku ile ya chai.

"Mayige, njoo hapa. Na wewe mkwe wangu njoo. Kaka yako Nyanda mnajua amekufa. Hamjui alivyokufa. Ulikuwa mwaka wa njaa. Miezi saba tulikula michembe na sansa, sansa na michembe. Jioni akaanza kupapasa ukuta. Mchana anakimbia na wenzake, jioni anapapasa. Mganga akatuambia kuna mtu kamfunga macho, na mtu huyo ni mke mwenzangu, Apolonia, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume. Surua ikaja, ikamchukua Nyanda kwa siku sita. Tukamchomea Apolonia nyumba. Moto niliuwasha mimi. Aliondoka na ndoo moja ya vitu vyake."

Jina la Apolonia Mayige alilisikia utotoni kama watu wanavyolitaja jini.

"Mama," alisema Jenifer, "siwezi kusema ndicho kilichomuua. Sikumpima."

"Hukumpima, sawa. Lakini mtu anaweza kumfunga mtoto macho, jioni tu, mchana akayafungua? Hilo unaweza kunijibu?"

"Hilo naweza, mama. Hapana. Hawezi."

"Basi." Mwandu alijifunga kitenge upya kiunoni, akakaza. "Mayige, shamba la nani?"

"Lako, mama."

"Linabaki viazi. Shule wanunue wasinunue, wajukuu zangu watakula, na wa jirani watakula. Pamba tafuta mahali pengine. Na kesho mnikatie marando ya kupandia viazi, mzigo mmoja, yale ya bondeni yenye maji."

"Ya kupeleka wapi?"

"Mwamapalala. Apolonia yuko hai, anakaa kwa kaka zake."

"Mama, atakufukuza!"

"Ana haki. Mimi nilimfukuza bila haki."

*

Nyanjige alimsindikiza. Alitaka kubeba mzigo, akakataliwa; Mwandu aliubeba kichwani mwenyewe kutoka barabarani mpaka uani, mwendo wa zaidi ya nusu saa, maji ya marando yakimchuruzika shingoni.

Apolonia alikuwa anapepeta mtama. Mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka bado, nywele zote nyeupe. Aliinua kichwa, akamtambua papo hapo, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Mwandu alitua mzigo. Kisha, yeye mke mkubwa, mbele ya mke mdogo, alipiga magoti kwenye vumbi. Magoti yake yalikuwa mabovu, ilimchukua muda. Nyanjige alitaka kumshika mkono, akajizuia, naye akapiga magoti nyuma yake.

"Macho ya Nyanda," alisema Mwandu. "Hukuwa wewe. Ilikuwa chakula. Nimefundishwa, nimeona kwa macho yangu, kwenye chupa. Hukuwa wewe, Apolonia. Nimekuja kukwambia."

Apolonia aliweka ungo chini, akapangusa viganja kwa nguo yake, kimoja, halafu cha pili.

"Miaka arobaini na mbili, Mwandu," alisema. "Mimi siku zote nilijua siyo mimi. Nilikuwa nangoja wewe ujue."